Mtafiti Mgeni Akaguliwe Nini?

Chukua wahandisi wawili wenye shahada ya uzamivu, mmoja Mtanzania, mwingine raia wa Singapore. Wote wamepata kazi ya utafiti katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza, maabara moja, mradi mmoja wa metali zinazostahimili joto kali. Yule wa Singapore ataomba viza na kuanza kufunga mizigo. Mtanzania, kabla hajaigusa fomu ya viza, itambidi apate cheti cha Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza kupitia mpango unaojulikana kwa kifupi kama ATAS. Ataeleza alisoma wapi, nani alimlipia, amechapisha nini, atafanya nini hasa maabarani, na atataja watu wanaomfahamu kitaaluma. Kisha atasubiri siku zisizopungua 30 za kazi, yaani wiki sita. Metali ni ileile na tanuri ni lilelile. Kilichowatenganisha ni pasipoti.

Waliosamehewa cheti hicho ni raia wa Umoja wa Ulaya, nchi za eneo la kiuchumi la Ulaya, Uswisi, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand, Japani, Korea Kusini na Singapore. Hakuna nchi hata moja ya Afrika. Lakini pia India haimo, Brazil haimo, wala Saudi Arabia. Kwa hiyo itakuwa kosa kusema kwamba mpango huu ulibuniwa ili kuwazuia Waafrika. Ulibuniwa kutokana na hofu ya kweli, na hofu hiyo ina historia.

Swali la makala hii ni kama ukaguzi wa watafiti wageni vyuoni, huko ughaibuni na hapa kwetu, unakagua kitu kinachostahili kukaguliwa. Jibu langu ni kwamba mara nyingi haukagui. Unaanza kwa kuuliza mtu katoka wapi, na unafika umechoka kwenye swali la maana: atagusa nini, na nani analinda hicho atakachogusa.

Vibali vya aina tano

Mjadala huu huharibika mapema kwa sababu watu huchanganya vibali vyenye kazi tofauti. Vipo vya aina tano.

Cha kwanza ni ruhusa ya kuona siri za serikali. Hiki ndicho kibali cha usalama hasa, chenye upekuzi wa maisha ya mtu, madeni yake, ndugu zake na safari zake. Marekani, kwa amri ya rais ya mwaka 1995, humpa raia wake, na mgeni hupata ruhusa finyu tu panapokuwa na haja ya pekee. Watafiti wengi wageni hawatakaa wakihitaji kibali hiki, kwa sababu kazi kubwa ya vyuo vikuu huishia kwenye majarida yanayosomwa na kila mtu.

Cha pili ni ukaguzi wa kiusalama unaoambatana na viza, kama ATAS ya Uingereza au ule wa Marekani uitwao Visas Mantis. Hapa serikali haikupi siri yoyote. Inapima kama elimu utakayoipata inaweza kugeuzwa silaha.

Cha tatu ni leseni ya teknolojia. Sheria za Marekani zinasema kwamba ukimfunulia mgeni teknolojia inayodhibitiwa, hata kama mmekaa naye chumba kimoja Chicago, umehesabiwa kuwa umeisafirisha hadi nchini kwake. Tangu 2011, mwajiri anayemwombea mgeni viza za kazi za aina fulani, ile ya H-1B ikiwemo, hutakiwa kutamka kwa maandishi kama kazi hiyo inahitaji leseni ya namna hiyo.

Cha nne ni ruhusa ya kuingia mahali maalumu: maabara ya nyuklia, au chumba chenye vimelea vya hatari. Marekani, baada ya mashambulizi ya 2001, sheria ilimkataza raia wa nchi iliyotajwa kuwa mfadhili wa ugaidi, asiye na ukaazi wa kudumu, kushika vimelea na sumu zilizo kwenye orodha maalumu. Sudan ilikuwa kwenye orodha ya nchi hizo kuanzia 1993 hadi Desemba 2020. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa Khartoum aliyekuwa akisoma Marekani hakuruhusiwa kugusa kirusi cha Ebola aina ya Sudan, kilichogunduliwa 1976 Nzara, wakati huo ikiwa ndani ya nchi yake mwenyewe.

Cha tano ndicho tunachokijua sisi zaidi: kibali cha utafiti kinachotolewa na nchi mwenyeji kwa mgeni anayekuja kuhoji watu, kuchukua damu, kupima udongo au kufuata tembo.

Kila kibali kina mantiki yake. Kinachoviunganisha ni kwamba vyote vitano humkuta mtafiti kama mtu anayeshukiwa kwanza na kusikilizwa baadaye.

Hofu ilianzia wapi

Klaus Fuchs, mwanafizikia Mjerumani aliyekimbilia Uingereza kuwakwepa Wanazi, aliingizwa kwenye utafiti wa bomu la atomiki University of Birmingham mwaka 1941. Mwaka uliofuata alipata uraia wa Uingereza, na 1944 alikuwa Los Alamos, Marekani, kwenye kiini cha kazi yenyewe. Idara ya ujasusi ya MI5 ilimchunguza zaidi ya mara moja ikampitisha. Muda wote huo alikuwa akiwapelekea Wasovieti siri. Mwaka 1950 alihukumiwa kifungo cha miaka 14.

Abdul Qadeer Khan wa Pakistan alisoma Uholanzi na Ubelgiji, akapata shahada ya uzamivu Leuven mwaka 1972, kisha akaajiriwa Amsterdam na kampuni iliyofanya kazi za Urenco, shirika la kurutubisha urani. Alipewa ruhusa ya kiwango cha chini, lakini akaachiwa kutafsiri nyaraka zilizozidi kiwango hicho. Mwishoni mwa 1975 aliondoka kurudi kwao na ujuzi wa mashinepewa za kurutubishia urani, na ndiye aliyekuja kuitwa baba wa bomu la Pakistan. Kumbuka jambo moja katika kisa hiki, kwa sababu tutalirudia: Khan alipekuliwa. Ambacho hakikulindwa ni makaratasi.

Kisha kuna Rihab Taha wa Iraq, aliyesomea vimelea vya mimea University of East Anglia hadi shahada ya uzamivu katika miaka ya 1980, halafu akaongoza utafiti wa silaha za kibiolojia wa Saddam Hussein. Baada ya Vita vya Ghuba vya 1991, wakaguzi walipoanza kufukua mipango ya Iraq, vyuo vya Uingereza viligundua kwamba vilikuwa vimefundisha watu wasiowatarajia.

Mwaka 1994 Uingereza ilianzisha mpango wa hiari: chuo kikipata mwombaji kutoka nchi fulani katika somo fulani, kiliombwa kuiuliza serikali. Hiari hiyo haikudumu. Novemba 2007 ATAS ilichukua nafasi yake, ikawa lazima kwa wanafunzi wa ngazi za juu katika masomo yanayoweza kuchangia silaha za maangamizi. Mwaka 2020 wigo ulipanuliwa ukaingiza teknolojia za kisasa za silaha za kawaida. Tarehe 21 Mei 2021 walioajiriwa kama watafiti nao waliingizwa. Ndivyo mpango uliozaliwa kwa ajili ya nyuklia, kemikali na vimelea ulivyofika kwa mhandisi wetu wa metali.

Cheti chenyewe hakina ada. Gharama iko kwenye kungoja. Fedha za mradi zina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na profesa aliyebanwa na muda hujikuta akimpendelea mwombaji asiyehitaji wiki sita za subira. Hasara hiyo haionekani katika takwimu za waliokataliwa, maana mwombaji hakukataliwa na mtu. Hakuitwa tu.

Na ucheleweshaji si sheria ya maumbile. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilikuta kwamba mwaka 2003 upekuzi wa Visas Mantis ulikuwa ukichukua wastani wa siku 67. Vyuo vilipiga kelele, wanasayansi wakaandika barua, na idara zilizokuwa zikitupiana mafaili zikapangiwa utaratibu. Novemba 2004 wastani ulikuwa umeshuka hadi siku 15 hivi. Usalama wa Marekani haukupungua kwa siku 52 zilizookolewa.

Marekani: kanuni nzuri na woga wa kuifuata

Marekani ina andiko ambalo lingeweza kuwa msingi wa dunia nzima. Tarehe 21 Septemba 1985, wakati wa Vita Baridi, Rais Ronald Reagan alitoa agizo namba 189 la usalama wa taifa. Linasema kwamba utafiti wa msingi ubaki wazi kadiri iwezekanavyo, na kama kuna utafiti unaopaswa kufichwa, basi utangazwe kuwa siri kwa utaratibu rasmi. Mpaka uko wazi: ama kitu ni siri na kinalindwa kama siri, ama ni elimu ya wote. Agizo hilo halijafutwa hadi leo.

Lakini kati ya siri na uwazi pamezaliwa eneo la tatu, lenye giza, la mambo yasiyo siri lakini "nyeti". Humo ndimo watu wamejikwaa.

John Reece Roth, profesa wa University of Tennessee, alikuwa akifanya utafiti wa plazima kwa ajili ya ndege zisizo na rubani za jeshi la anga la Marekani. Aliwatumia wanafunzi wawili, mmoja Mchina na mwingine Muirani, kwenye kazi ambayo sheria ya silaha ilitaka iwe na leseni. Chuo chenyewe kilimwonya. Mwaka 2008 alitiwa hatiani, na 2009 akahukumiwa miaka minne jela. Hapa sheria ilifuata kazi: data ilikuwa ya kijeshi, mkataba ulisema hivyo, na onyo lilitolewa. Unaweza kuiona adhabu kuwa kali, lakini huwezi kusema kwamba Roth hakujua mstari ulipo.

Kisa cha pili kinatuhusu sisi moja kwa moja. Thomas Butler wa Texas Tech University alikuwa bingwa wa tauni, ugonjwa ambao Lushoto, mkoani Tanga, umewatesa watu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alifanya kazi Tanzania, akakusanya sampuli, akazipeleka maabara yake Texas. Januari 2003 alitoa taarifa kwamba chupa 30 za bakteria wa tauni hazionekani, na FBI wakamwagikia Lubbock, mji wa chuo hicho. Alifunguliwa mashtaka 69. Majaji wa baraza waliyatupa mengi ya yale yaliyohusu tauni, wakamtia hatiani kwa mashtaka 47, mengi yakihusu mikataba ya fedha na kampuni za dawa. Lakini matatu yalihusu kifurushi alichokirudisha Tanzania kwa FedEx mwaka 2002 bila leseni na bila maelezo sahihi juu ya boksi. Alifungwa miaka miwili. Bakteria waliotoka milima ya Usambara walipita kwenda Marekani, lakini kuwarudisha kwao ndiko kulikohesabiwa kuwa jinai.

Ukisoma kisa hicho kwa haraka utakicheka. Ukikisoma taratibu utaona kwamba sheria haikukosea kabisa: kifurushi chenye tauni hakipaswi kusafiri ndani ya ndege ya mizigo kikiwa na jina la vifaa vya maabara. Alichokosea Butler ni usalama wa kweli, ule wa boksi na lebo. Bahati mbaya, mafunzo ambayo watafiti wengi waliyachukua ni tofauti. Walijifunza kwamba kushirikiana na Afrika katika magonjwa hatari ni kujitafutia kesi.

Wimbi kubwa zaidi lilikuja Novemba 2018, Wizara ya Sheria ya Marekani ilipozindua mpango wa kupambana na ujasusi wa China. Maprofesa wenye asili ya Kichina walianza kuburutwa mahakamani, wengi wao si kwa kuiba siri bali kwa kutojaza vizuri fomu za kueleza uhusiano wao na vyuo vya China. Gang Chen wa MIT alikamatwa Januari 2021. Mwaka mmoja baadaye waendesha mashtaka waliifuta kesi. Anming Hu, wa University of Tennessee ileile ya Roth, aliachiwa na jaji Septemba 2021. Februari 2022 mpango wenyewe ulifungwa. Amri nyingine, ya Mei 2020, inayowanyima viza wanafunzi na watafiti wa Kichina wa ngazi za juu waliohusishwa na taasisi zinazolisaidia jeshi la China, iliendelea kutumika hata baada ya Rais Donald Trump aliyeitoa kuondoka madarakani 2021.

Wamarekani walikuwa na somo la zamani ambalo wangeweza kulirejea. Qian Xuesen, mtaalamu wa roketi wa Caltech, alinyang'anywa kibali cha usalama mwaka 1950 kwa tuhuma za ukomunisti. Aliwekwa chini ya uangalizi kwa miaka mitano, kisha 1955 akaruhusiwa kwenda China. Huko aliujenga mpango wa makombora wa taifa hilo. Hofu ya kwamba angewasaidia Wachina ndiyo iliyompeleka kwa Wachina.

Kikulacho ki nguoni mwako

Watetezi wa ukaguzi wa uraia wana hoja ambayo haipaswi kupuuzwa. Serikali haiwezi kuisoma mioyo ya waombaji maelfu. Uraia ni kitu kinachoonekana, na zaidi ya hapo baadhi ya dola huwalazimisha raia wake: sheria ya ujasusi ya China ya 2017 inamtaka kila raia na kila taasisi kusaidia kazi za ujasusi wa taifa. Mtafiti anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini mama yake yuko Wuhan, na dola inajua anakoishi.

Hoja hiyo ni nzito, lakini historia inaipunguzia uzito. Theodore Hall, aliyewapa Wasovieti siri za Los Alamos, alikuwa mzaliwa wa New York aliyechukuliwa kutoka Harvard akiwa na miaka 18. Barua za kimeta zilizoua watu watano Marekani mwaka 2001 zilitumwa, kwa mujibu wa hitimisho la FBI la 2010, na Bruce Ivins, mwanasayansi Mmarekani wa maabara ya jeshi mwenye vibali vyake vyote, ambaye alijiua kabla ya kufikishwa mahakamani. Na katika kampeni ileile dhidi ya China, jina kubwa kuliko yote lililotiwa hatiani, Desemba 2021, lilikuwa la Charles Lieber wa Harvard, Mmarekani wa kuzaliwa, kwa kudanganya kuhusu fedha na mkataba wake na chuo cha Wuhan. Pasipoti yake isingewasha taa nyekundu popote.

Uholanzi ililipima suala hili mahakamani. Azimio namba 1737 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Desemba 2006, liliyataka mataifa yawe macho yasiwafundishe raia wa Iran masomo yanayoweza kusaidia nyuklia. Mwaka 2008 Uholanzi ilichukua njia ya mkato: ikawafungia watu wenye uraia wa Iran baadhi ya masomo na maeneo, hata wale waliokuwa pia raia wa Uholanzi. Waathirika walishtaki. Mahakama ya The Hague mwaka 2010, na hatimaye Mahakama ya Juu mwaka 2012, ziliona kwamba huo ni ubaguzi usio na msingi wa kutosha. Umakini uliotakiwa na Umoja wa Mataifa ungeweza kupatikana kwa kumchunguza kila mwombaji na somo lake.

Kanada imejaribu njia nyingine. Sera iliyotangazwa Januari 2024 na kuanza kutumika Mei mwaka huo haitaji uraia. Inataja nyanja za teknolojia nyeti, na inataja taasisi, nyingi za China, pamoja na za Iran na Urusi, zenye uhusiano na majeshi au usalama wa dola. Mtafiti anayeomba fedha za umma kwa kazi iliyo katika nyanja hizo hatakiwi kuwa na mafungamano na taasisi hizo. Umoja wa Ulaya nao, katika pendekezo la Mei 2024, ulizitaka nchi wanachama zipime hatari bila kuitaja nchi yoyote kwa jina. Njia hizi hazina usafi kamili. Orodha ya taasisi inaweza kuwa uraia uliovaa koti. Hata hivyo zina faida moja kubwa: mtu anaweza kubadili mahali anapofanya kazi, lakini hawezi kubadili mahali alipozaliwa.

Na sisi je?

Tunapowalalamikia Waingereza tujiangalie pia. Mtafiti wa Ujerumani anayetaka kukaa Morogoro miezi sita huanzia Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya 1986 kurithi baraza la UTAFITI la 1968. Lazima awe na mshirika Mtanzania. Kama kazi ni ya afya, atapita Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Kama ni ya wanyamapori, TAWIRI. Halafu Uhamiaji, kwa kibali cha ukaazi daraja C. Akishapata, hajafika: barua itashuka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wa Wilaya, kisha kwa mtendaji wa kata, hadi kijijini. Akivuka kwenda Unguja au Pemba ataanza upya, kwa kuwa Zanzibar ina kibali chake.

Kenya ina NACOSTI, chini ya sheria ya 2013, na mwenye leseni huripoti kwa kamishna wa kaunti kabla hajaanza. Uganda utafiti husajiliwa na baraza la sayansi, UNCST, lakini Ofisi ya Rais pia ina mkono, kwa barua za kuwatambulisha watafiti kwa wakuu wa wilaya. Na ukaguzi huu hauwagusi wageni pekee. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hubeba barua ya makamu mkuu wa chuo, kwa mamlaka yaliyotokana na waraka wa serikali wa Julai 1980.

Utaratibu huu nao ulizaliwa na hofu ya kweli. Mwaka 1965 ilifichuka nchini Chile kwamba mradi wa wanasosholojia ulioitwa Camelot ulikuwa ukigharimiwa na jeshi la Marekani, kwa lengo la kujifunza namna ya kutabiri na kuzima maasi katika nchi za watu. Mradi ulifutwa, lakini kila nchi changa ilisikia. Mwaka 2011 CIA walitumia kampeni bandia ya chanjo mjini Abbottabad, Pakistan, katika kumsaka Osama bin Laden. Anayesema kwamba mtafiti hawezi kuwa kachero anasahau mengi.

Shida yetu ni kwamba mitambo hii imeelekezwa kulinda masikio ya serikali kuliko mali ya wananchi. Angalia Ziwa Bogoria, Kenya. Sampuli za vijidudu vya majimoto zilizochukuliwa huko mwaka 1992 na mtafiti wa Uingereza zilifika hatimaye kwa kampuni ya Genencor, ikapata vimeng'enya vya kufifishia rangi ya jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilikuwa likidai haki yake. Ubishi ukawa kama kibali kilikuwepo au la, na kilimruhusu nani kufanya nini. Mihuri ya mlangoni haikusaidia kujibu swali la pekee lililokuwa na fedha: sampuli ziliondoka kwa masharti gani?

Linganisha na Julai 2018, shirika la Twaweza lilipochapisha maoni ya wananchi yaliyoonyesha kwamba kukubalika kwa Rais John Magufuli kumeshuka hadi asilimia 55, kutoka 71 mwaka uliotangulia. Siku chache baadaye COSTECH ilikuwa imeandika barua kuuliza kibali kiko wapi, na kabla mwezi haujaisha mkurugenzi wa shirika, Mtanzania, alikuwa amechukuliwa pasipoti na Uhamiaji. Kibali kile kile kinacholegea mbele ya bakteria wa Bogoria kikakaza mbele ya asilimia.

Na pale dola inapomwona kila mtafiti kuwa jasusi, gharama yaweza kuwa damu. Giulio Regeni, Mwitaliano wa University of Cambridge aliyekuwa akitafiti vyama vya wamachinga wa Cairo, alitoweka 25 Januari 2016, na mwili wake wenye alama za mateso ulikutwa Februari 3. Matthew Hedges wa Durham University alikamatwa Dubai Mei 2018 akimaliza utafiti wa uzamivu, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa ujasusi Novemba, kisha akasamehewa siku chache baadaye. Hakuna fomu iliyowalinda.

Kipimo cha ukaguzi wa haki

Kutokana na visa hivi, ukaguzi unaofaa unaweza kupimwa kwa maswali machache.

Je, unaanza na kazi? Somo, data, kifaa na kimelea vipimwe kwanza. Kama kazi haina hatari, uraia wa mfanyakazi haupaswi kuulizwa na idara yoyote ya usalama. Kama ina hatari, basi na mwenyeji akaguliwe sawasawa na mgeni.

Je, una tarehe? Siku 67 ziligeuka 15 pale mtu alipowajibishwa. Ofisi isiyo na kikomo cha kujibu huwa imekataa bila kusaini.

Je, una sababu na rufaa? Serikali hupenda kusema kwamba mambo ya usalama hayaelezwi. Baadhi kweli hayaelezwi. Lakini mtu aweza kuambiwa kwamba tatizo ni mfadhili wake, au chuo alichotoka, akapata nafasi ya kujibu mbele ya mtu asiye yule aliyemkataa.

Je, unamfuata mtafiti hadi anapoondoka? Hapa ndipo penye udhaifu wa Ulaya kwa Khan na wa Afrika Mashariki kwa Bogoria. Makubaliano ya kuhamisha sampuli na data yana thamani kuliko barua kumi za utambulisho.

Je, unamwacha profesa awe mwalimu? Chuo kinaweza kueleza sheria, kufunga kabati na kutunza orodha ya wanaoingia. Kikigeuzwa kituo cha kuripoti wanafunzi kwa majina yao ya ukoo, kimepoteza kazi yake, na hakijapata ujuzi wa polisi.

Kwa kijana wa kwetu anayejiandaa kwenda nje, ushauri ni wa vitendo: uliza siku ile ile unayopewa nafasi kama somo lako linahitaji cheti, mwombe msimamizi akuandikie maelezo mahsusi ya utafiti badala ya aya mbili za jumla, na utaje kila mfadhili, hata aliyekulipia nauli tu. Kesi nyingi za miaka hii zimetokana na kilichoachwa wazi kwenye fomu, si na kilichoibwa maabarani.

Kwa wabunge na watawala wa COSTECH, NACOSTI na UNCST, ombi ni moja. Mkataba wa sampuli na data uwe ndio moyo wa kibali, siku za kujibu ziandikwe ndani ya kanuni, na takwimu zisizoipendeza serikali zisiwe kosa la usalama. Tukifanya hivyo tutakuwa na haki ya kuwauliza Waingereza kwa nini mhandisi wa Dar es Salaam anasubiri wiki sita na wa Singapore hasubiri hata moja. Kabla ya hapo, watatujibu kwa kutuonyesha fomu zetu wenyewe.